Oili Safi kwa Macho: Maneno kwa Madereva, Mafundi na Wenye Magari ya Gesi, Bagamoyo

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Na ninyi vijana wa bajaji mliosimama mlangoni, ingieni, viti bado vipo huku mbele.

Namshukuru mwenyekiti kwa mwaliko. Nawashukuru zaidi wenye magari mliokuja wenyewe, maana mikutano ya namna hii mara nyingi huachiwa madereva, wakati hela ya oili inatoka kwenu. Dereva akikwambia oili imechoka nawe hujui inachokaje, utamwona anataka kukuibia.

Nimeombwa nizungumzie oili ya injini kwenye magari ya petroli yaliyofungwa mfumo wa kutumia gesi asilia. Kuna kauli ninaisikia kila gereji ninayopita, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka hapa mjini: "Tangu nifunge gesi, oili yangu haichafuki. Mwezi wa tatu huu na bado ni ya dhahabu." Mtu anaisema kwa furaha, na kwa rangi hajakosea. Ukivuta stiki ya kupimia oili ya gari lake utaona oili inang'aa. Kwa hiyo anasogeza siku ya kumwaga. Kama zamani alimwaga kila kilomita 5,000, sasa anafika 8,000, 10,000, wengine wanangoja mpaka iwe nyeusi. Itachukua muda mrefu mno kuwa nyeusi, ndugu zangu, na huko njiani injini itakuwa imeshaumia. Kwenye gari la gesi, rangi ya oili haikwambii umri wake. Hilo ndilo lililonileta, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na kwa nini haichafuki. Petroli inaingia kwenye injini ikiwa matone. Asubuhi injini ikiwa baridi, sehemu ya matone hayo haiungui. Inateremka ukutani mwa silinda, inapita kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili, na oili inakuwa nyepesi. Dizeli nayo ina masizi yake, na hayo ndiyo yanayoigeuza oili kuwa wino ndani ya siku chache. Gesi yetu haina hayo. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97, inaingia kwenye silinda ikiwa tayari hewa, inachanganyika vizuri na inaungua bila masizi ya maana. Salfa yake ni kidogo sana, kwa hiyo hata ile asidi ya salfa iliyokuwa inakula vyuma vya injini za zamani haina nafasi. Hizo ni faida za kweli. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuipiga vita gesi. Gesi hii iligunduliwa Kilwa mwaka 1974, ikaanza kuzalishwa mwaka 2004, na kilo moja yake inabeba nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Kwa dereva mwenye hesabu ya kumpelekea bosi kila jioni, huo ni mkate wa watoto.

Ila maadui waliotoka wameacha nafasi, na nafasi hiyo imeshikwa na wengine wasioonekana kwa macho.

Wa kwanza ni joto. Petroli ikigeuka kutoka tone kuwa mvuke inapooza kichwa cha injini na valvu za kuingizia. Gesi haina upoozaji huo. Halafu moto wa methani unakwenda polepole kuliko wa petroli; kama fundi aliyefunga mfumo hakuwahisha cheche, gesi inaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi imeshaanza kufunguka, na joto lote linaishia kwenye valvu, kwenye kichwa na kwenye oili inayopita hapo. Wahandisi wana kanuni ya makadirio wanayoitumia siku zote: oili ikipanda joto kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibiwa na oksijeni inakuwa takriban mara mbili. Nyuzi 10 tu. Mama anayekaanga mihogo na pweza pale ufukweni jioni analijua jambo hili kuliko mafundi wengi: mafuta yakipigwa moto siku baada ya siku yanakuwa mazito, yanapata harufu kali, na yanaganda kwenye karai kama gundi. Kinachotokea kwenye karai lake na kinachotokea kwenye injini yako ni jambo lilelile.

Wa pili ni naitrojeni, na hapa naomba mnivumilie, maana huyu ndiye adui mkubwa wa oili ya gesi na ndiye asiyezungumzwa. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kwa kawaida ni gesi mpole, haishikani na kitu. Lakini ndani ya silinda joto la moto linapita nyuzi 2,000, na hapo naitrojeni na oksijeni zinaungana. Sehemu ya gesi hizo inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka mpaka kwenye sampu, ilikokaa oili. Zikikutana na oili zinaishambulia: zinazaa asidi, zinaifanya oili iwe nzito, yaani isitiririke kwa wepesi, na mwisho zinaacha utando wa kahawia unaong'aa, mgumu, ambao sisi tunauita vanishi. Utando huo unashika ringi zisicheze kwenye mfereji wake. Ringi isiyocheza haizibi vizuri, gesi nyingi zaidi zinapenya, na oili inaharibika kwa kasi zaidi. Baadaye gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na mwenye gari analaumu gesi.

Na hizi gesi za naitrojeni zinakuwa nyingi zaidi pale mchanganyiko unapokuwa na hewa iliyozidi kidogo. Sasa fikirini gari ambalo fundi amebana gesi ili "ile kidogo". Dereva anafurahi, mtungi unafika mbali, ila kila kilomita anainyonga oili yake. Ndiyo maana nasema kurekebisha gesi ni sehemu ya kutunza oili. Gari likifungwa mfumo lirudishwe kupimwa, likae kwenye kompyuta, mchanganyiko uonekane. Fundi anayesikiliza kwa sikio tu na kusema "iko poa" hajamaliza kazi.

Kuna kitu kidogo hapo hapo kinachodharauliwa: ile valvu ya kupumulia, inayotoa hewa chafu kwenye sampu na kuirudisha kwenye injini iungue. Nimeona gari ambalo bomba lake limezibwa kwa boliti kwa sababu lilikuwa linalowanisha oili kwenye chujio la hewa. Ukiziba pale, umeyafungia maji, asidi na gesi za naitrojeni zote ndani pamoja na oili. Mafundi, nawasihi: kabla ya kumwambia mteja anunue oili ya bei kubwa, liangalieni bomba lile.

Sasa twende kwenye stiki, maana najua wengi mnataka kujua mtaonaje. Injini ikiwa imepoa kidogo, vuta stiki, ifute kwa kitambaa kikavu. Usiangalie oili iliyobaki kwenye kitambaa, angalia chuma. Kama oili imefutika lakini chuma kimebaki na rangi ya kahawia isiyotoka hata ukikwaruza kwa ukucha, hiyo ni vanishi. Fungua kifuniko cha kujazia, ingiza tochi, angalia vyuma vya ndani: vikiwa na rangi ya chuma, vizuri, vikiwa na rangi ya asali iliyokauka, oili zilizopita zilikaa kupita muda wake. Inuse. Oili iliyochoka ina harufu kali, chungu, tofauti kabisa na ya dumu jipya. Na ile mbinu ya kudondosha tone kwenye karatasi, ambayo mafundi wa dizeli wanaipenda, kwenye gesi haikusaidii sana. Tone lile linaonyesha masizi, na masizi hamna. Litakuonyesha duara safi kwenye oili iliyokwisha kufa.

Kuna jambo jingine linalowaponza watu. Oili haichoki hatua kwa hatua kama tairi. Ndani yake kuna dawa za kuzuia oksijeni, na dawa hizo zinajitoa mhanga: zinaliwa zenyewe ili oili isiliwe. Zikiwapo, oili inakaa karibu vilevile kwa maelfu ya kilomita. Siku zikiisha, mambo yanageuka ghafla. Uzito unapanda, asidi inapanda, na oili iliyodumu kwa miezi inaharibika kwa wiki chache. Aliyesogeza kutoka 5,000 mpaka 7,000 akaona salama anadhani na 10,000 itakuwa hivyohivyo. Kumbe dawa zilikuwa zinaelekea ukingoni.

Wa tatu ni maji. Mtu anashangaa: maji yametoka wapi? Yametoka kwenye gesi yenyewe. Methani ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikiungua inakuwa maji. Kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilo 2 na robo za maji, kwa umbo la mvuke. Ukilinganisha na petroli ya kufanya kazi ileile, mvuke wa gesi ni karibu mara moja na nusu. Injini ikiwa ya moto vizuri, mvuke unatoka kwenye ekzosi na hauna neno. Lakini chukua gari la mwalimu anayetoka Dunda kwenda shule ya kilomita 2, anazima, mchana anarudi, anazima. Oili haijapata joto. Mvuke uliopenya unagandia ndani, unachanganyika na oili, na ukifungua kifuniko unakuta utando mweupe mzito kama maziwa mgando. Wengi wakiuona wanakimbilia kusema gasketi ya kichwa imekufa. Inawezekana, lakini kwanza uliza gari linatembea safari za namna gani na kama maji ya radieta yanapungua.

Tena gari hilohilo linawaka kwa petroli, kisha linahamia gesi maji ya injini yakipata joto. Kwa safari fupi hivyo, sehemu ya mwendo ni petroli kwenye injini baridi. Na gesi zile za naitrojeni zinafanya madhara zaidi oili ikiwa baridi, chini ya nyuzi 80 hivi, kwa sababu mabaki yake hayapati joto la kuyaondoa. Mwalimu wangu yule ana kilomita chache na oili mbovu. Ushauri wangu kwake ni kuhesabu miezi, asihesabu kilomita: kila miezi 6 amwage, hata kama kilomita hazijatimia. Na mara moja kwa wiki alipeleke gari mpaka Kiromo na kurudi, au njia ya Msata, injini ipate moto kamili.

Wale wa daladala za Bagamoyo kwenda Makumbusho mna tatizo tofauti. Ninyi injini yenu haipoi. Lakini kilomita nazo zinawadanganya. Hesabuni pamoja nami. Kilomita 5,000 kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa ni saa 100 za injini. Kilomita zilezile 5,000 kwa wastani wa 20 kwa saa, kwenye foleni ya Tegeta na Mwenge, gari limejaa, ni saa 250. Dashibodi inasoma sawa, oili imefanya kazi mara mbili na nusu. Ongezeni na muda mnaokaa kwenye foleni ya gesi injini ikiwa inanguruma. Mitambo ya gesi ya kuzalisha umeme huhesabiwa kwa saa, na ndivyo inavyopaswa. Mwenye daladala anayeandika saa za kazi kwenye daftari anaijua oili yake kuliko anayetegemea dashibodi.

Kwa gari dogo la abiria lililofungwa gesi, linalotumia oili ya kawaida ya madini, mimi nasimama kwenye kilomita 5,000, na kama ni foleni kila siku nashuka chini ya hapo. Ukiweka sinthetiki nzuri unaweza kwenda mbele, lakini usivuke kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa matumizi magumu. Na filta ibadilishwe kila mara. Injini ndogo nyingi za Toyota mnazotumia hazifiki hata lita 4 za oili. Hamna oili nyingi ya kugawana mzigo huo.

Sasa, oili gani? Kosa la kwanza ninaloliona ni kukimbilia uzito. Gari limefikisha umri, fundi anasema weka ya 50, itaziba ringi. Kumbukeni nilichosema: oili ya petroli inapungua uzito kwa sababu ya petroli inayoingia, oili ya gesi inaongezeka uzito yenyewe. Namba hizo za SAE kwenye dumu ni madaraja ya uzito wa oili: daraja la 30 kwa joto la nyuzi 100 linaanzia sentistoki 9.3, kipimo cha uzito huo, na kuishia 12.5, la 40 linaanzia hapo mpaka 16.3, la 50 linapita hapo. Oili iliyoanza ikiwa 30 inaweza kuishia kwenye eneo la 40 kabla hujaimwaga. Iliyoanza ikiwa 50 itakuwa nini? Asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, na hapo ndipo chuma kinasagana na chuma. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Kosa la pili ni kuweka oili ya malori ya dizeli kwenye gari dogo la gesi kwa sababu "ina nguvu". Oili zile zina dawa nyingi za kusafisha, zenye kalisiamu na magnesiamu, na dawa hizo zikiungua zinaacha majivu. Majivu yanajikusanya juu ya pistoni na kwenye plagi, yanakuwa mekundu kwa moto na kuwasha gesi kabla ya cheche. Ukisikia injini inagonga mlimani, au inamisi na plagi ina ukoko mweupe, uliza kwanza iliwekwa oili gani. Oili za injini kubwa za gesi huwa na majivu karibu nusu asilimia tu, na watengenezaji wa injini hizo wana viwango vyao wenyewe, kwa sababu taasisi ya API ya Marekani, ambayo herufi zake mnaziona kwenye kila dumu, haina daraja maalumu la oili ya gesi. Kwa hiyo mwenye basi au lori la gesi asome kitabu cha injini yake, asimuulize muuzaji.

Lakini majivu nayo yakiisha kabisa ni shida. Petroli hulowanisha kiti cha valvu. Gesi ni kavu. Majivu kidogo ya oili ndiyo mto pekee uliobaki kati ya valvu na kiti chake. Kwenye injini ambazo viti vyake si vigumu, valvu inajichimbia taratibu. Na hapa sikio linadanganya: valvu ikizama, nafasi yake inapungua, kwa hiyo mlio wa valvu unapungua. Dereva anasema injini imekuwa kimya, imetulia. Kisha siku moja asubuhi haiwaki, au inamisi ikiwa ya moto, kwa sababu valvu haifungi tena. Mafundi, gari la gesi likija kwa huduma, pimeni nafasi ya valvu kwa geji.

Vijana wa bajaji, kwenu nina neno fupi. Nyingi za injini zenu zina klachi inayoogelea humohumo kwenye oili ya injini, na giya pia. Msiweke oili ya gari dogo iliyotengenezwa kupunguza msuguano. Klachi itateleza, nanyi mtabadilisha sahani bila sababu. Tafuteni dumu lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Na kwa kuwa oili yenu ni kidogo, muda wenu ni mfupi kuliko wa gari, msijipimie kwa kipimo cha teksi.

Wenye magari mengi, ninyi mnaweza kupima maabara. Sampuli ndogo ya oili inatosha. Ombeni vipimo vinne: uzito kwa nyuzi 100, namba ya asidi, namba ya alkali inayoonyesha nguvu iliyobaki ya kuua asidi, na kiwango cha naitrojeni na oksijeni kwa mwanga wa infraredi. Peleka na sampuli ya oili mpya ya dumu lilelile, la sivyo majibu hayatakuwa na cha kulinganishwa nacho. Namba ya alkali ikishuka chini ya nusu ya ile ya oili mpya, na ya asidi inapanda kuifikia, oili hiyo imemaliza kazi, iwe na rangi yoyote. Chukua sampuli injini ikiwa ya moto, katikati ya kumwagika, usichukue matone ya kwanza wala ya mwisho. Ukifanya hivyo mara chache kwa gari moja la kila njia, utajua muda wako halisi, na huenda ukakuta unaweza kuongeza kilomita kwa usalama. Nitafurahi sana siku nikisikia mtu wa Bagamoyo ameongeza muda wa oili kwa ushahidi wa maabara.

Na dumu likiisha, litobolewe palepale kabla halijatoka gereji. Kuna watu wanayakusanya, wanajaza oili chakavu iliyochujwa, na kwa kuwa ya magari ya gesi inang'aa, ndiyo inayowafaa zaidi. Oili iliyomwagwa ikusanywe kwenye pipa, isimwagwe mchangani. Visima vyetu hapa viko karibu na juu, na bahari iko hatua chache.

Mzee pale mbele umenyoosha mkono tangu nilipotaja oili ya dizeli. Mpelekeeni maikrofoni, tuanze maswali na yeye.